Mwiba wa Jumatatu

Jumatatu, kabla jua halijapanda bonde la Kazanlak,
mama alichomwa na mwiba wa waridi kwenye kidole gumba.
Akakinyonya, akatema, akaendelea kuchuma.
Mimi nilikuwa kwenye mizani, nikiandika kilo za watu.
Nani huandika mwiba?

Mawaridi hayasubiri. Ikigonga saa nne
mafuta yamekwishapaa, na bei imeshuka.
Ndiyo maana hakusimama kunawa.
Alijifuta kwenye aproni ile ile
aliyofutia udongo, jibini na pua ya mjukuu.

Jumanne akakimiminia rakia, akacheka:
"Kidole hiki kinakunywa kuliko marehemu baba yako."
Jumatano kilikuwa kinadunda.
Mstari mwekundu, mwembamba kama uzi wa kudarizi,
ulitoka kwenye kiwiko cha gumba ukaupanda mkono,
nami niliuona, Mungu wangu, niliuona,
nikasema tutakwenda kliniki Jumamosi, mavuno yakipungua.

Alhamisi alitetemeka chini ya mablanketi matatu.
Akaniuliza kama nimemwekea Velko supu.
Velko tulimzika miaka tisa iliyopita.
Jirani yetu Stoyanka akachungulia dirishani:
"Uzee huo, na jua. Mwache alale."

Mwache alale.
Maneno matamu. Nilikaribia kuyameza.
Lakini kifua chake kilikuwa kinakimbia
ilhali mwenyewe amelala.
Nikaikazia macho saa ya jikoni, nikahesabu:
pumzi thelathini na moja kwa dakika.
Magotini madoa ya zambarau, kama marumaru.
Tangu alfajiri hajakojoa hata tone.
Na lile joto la jana? Limekwenda.
Alikuwa baridi, baridi ya sahani iliyosahauliwa nje.

Dimcho akamwaga magunia yake barabarani,
kilo mia mbili za waridi, akatupakia kwenye lori.
Njia nzima hadi Stara Zagora
tulinukia kama harusi.

Daktari alikuwa kijana, Ralitsa Mineva, jina nililisoma kifuani pake.
Hakuanza na kadi wala bima.
Aliuliza: "Ilianza lini?"
Damu ikachukuliwa, dawa ikaingia mshipani, dripu ikafuata,
yote kabla sijamaliza kulia.
Usiku, kwenye korido, akanieleza:
"Si kijidudu peke yake. Mwili umeshtuka,
umewasha moto kumfukuza mwizi mmoja,
na sasa yanaungua mapaa, milango, vitanda.
Ni sepsisi. Kila saa inayopita ina bei yake."
Nikaelewa. Bei ndiyo kazi yangu.
Nilihesabu kuanzia Jumatano.

Alirudi baada ya siku thelathini na nne,
nusu ya kidole gumba ikabaki kule.
Huchoka akipanda ngazi tatu. Husahau chumvi.
Usiku mwingine huamka akiuliza lori liko wapi.
Watu husema amepona.
Mimi husema amerudi.

Mei hii nimetundika glavu mlangoni,
nimeweka ndoo ya maji na sabuni kando ya mizani.
Kabla ya gunia, mikono.
Wananicheka, wananiita Mkaguzi.
Stoyanka hunipa viganja vyake bila kunitazama usoni.
Mama, naye, amekata gumba la glavu yake ya kulia
akalishona upya, fupi,
kwa mishono midogo sana, kana kwamba ni nguo ya mtoto.

Leo mvulana wa Dimcho, miaka kumi na mmoja,
ameshusha gunia kwa mkono wa kushoto.
"Na wa kulia?"
"Upo."
"Nauliza uko wapi."
Nyuma yake foleni inanung'unika, jua linapanda,
mafuta yanapaa.
Nimeweka kalamu chini.
Nasubiri.